Pikipiki ya umeme: hesabu betri kwanza, petroli baadaye

Muuzaji wa pikipiki ya umeme huanza na hesabu fupi: petroli ya siku ni kiasi hiki, umeme wa siku ni kiasi hiki, toa, kinachobaki ni faida yako. Tarakimu zake mara nyingi ni za kweli. Kilichoachwa nje ni betri. Kila uniti inayoingia na kutoka inaila betri kidogo, kama soli ya kiatu inavyolika kwa mwendo, na iko siku itabidi inunuliwe nyingine. Betri ni mafuta ya miaka kadhaa uliyoyalipia mbele. Ukiihesabu kwa kilomita utajua kama kazi inalipa. Usipoihesabu, utafurahia miaka miwili, kisha utakwama.

Haya ni kwa mwenye bodaboda moja, kwa bosi mwenye pikipiki za mkataba, na kwa viongozi wa vijiwe na halmashauri wanaotaka kuwahamasisha watu waachane na petroli. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam. Bei za petroli, oili na betri humu ni za mfano, kwa hiyo weka zako. Ya petroli hutangazwa kila mwezi na mamlaka za nishati, EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya.

Pima kwenye barabara zako

Anza na petroli. Jaza tangi mpaka shingoni, andika kilomita, fanya kazi siku 2 au 3 za kawaida, kisha rudi kituo kilekile ujaze mpaka palepale. Lita ulizoongeza ndizo ulizotumia. Kama mita ya kilomita imekufa, na pikipiki nyingi za kijiweni imekufa, tumia programu ya ramani kwenye simu. Pikipiki ya cc 125 hadi 150 inayobeba abiria mjini hula kama lita 2 hadi 2.5 kwa kilomita 100. Hapa tutatumia 2.3.

Kwa umeme, nunua kipima uniti kidogo kinachochomekwa kati ya soketi na chaja. Ukikikosa, zima kila kitu nyumbani, soma mita ya LUKU kabla na baada ya kuchaji. Usitegemee namba za kwenye dashibodi. Zinaonyesha kilichotoka kwenye betri, wakati wewe unalipia kilichoingia kwenye chaja, na katikati hapo asilimia 10 hadi 15 hupotea kama joto. Pikipiki inayotumia wati-saa 40 kwa kilomita itatoa uniti 4 (uniti moja ni wati-saa 1,000) kwenye betri kwa kilomita 100, lakini ukutani utalipia karibu uniti 4.6.

Hiyo 40 si ya kila mahali. Kutoka mwendo wa 45 hadi 65 kwa saa, upepo peke yake unakuwa mzito kama mara mbili. Tairi lenye pumzi pungufu linakula umeme kimyakimya, bila mlio wowote wa kukushtua. Mlima nao una hesabu yake: pikipiki na watu wawili ni kama kilo 250, na kuwapandisha mita 100 kwenda juu kunahitaji wati-saa 68; ukiongeza kinachopotea kwenye mota na kwenye kontrola inayoipa mota umeme, ni kama 85. Kwa maneno mengine, kila mita 100 za kupanda zinakunyang'anya kilomita 2 za tambarare. Anayefanya kazi Sinza hataona tofauti. Anayepandisha abiria Lushoto au kwenye vilima vya Kigali ataiona siku ya kwanza, na kushuka hakumrudishii yote.

Hesabu ya betri, polepole

Tuchukue betri ya volti 72 na ampea-saa 40. Zidisha: wati-saa 2,880, yaani uniti 2.88. Usiimalize yote kila siku, tumia asilimia 90. Uwezo wake nao utashuka kadiri inavyozeeka, kwa hiyo kwa wastani wa maisha yake toa asilimia 10 nyingine. Kila mzunguko mmoja wa kuchaji na kutumia utakupa wastani wa uniti 2.33.

Mizunguko mingapi? Betri ya lithiamu ya aina ya LFP, yenye chuma na fosfati, huandikwa dukani mizunguko 2,000 au zaidi. Hiyo ni ya maabara, kwenye joto la nyuzi 25 na chaji ya taratibu. Kwa bodaboda ya Dar, yenye joto na kazi ya kutwa, panga kwa 1,200. Ikizidi, ni bahati yako. Mizunguko 1,200 mara 2.33 ni uniti 2,796, ambazo kwa wati-saa 40 zinakupeleka karibu kilomita 69,900.

Kama betri ni shilingi 1,800,000, gawanya kwa uniti 2,796. Kila uniti inayopita imebeba shilingi 644 za betri. Umeme wenyewe, kwa tarifa ya kawaida ya T1 ya TANESCO, ni kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA. Ukiweka na upotevu wa chaja, 409. Betri ni ghali kuliko umeme unaopita ndani yake. Hapo ndipo watu wengi hushtuka, na afadhali ushtuke sasa kuliko mwaka wa tatu.

Sasa linganisha kwa kilomita moja:

Petroli ya shilingi 2,900 kwa lita, mara 0.023, ni shilingi 66.7. Oili: lita moja ya shilingi 10,000 kila kilomita 2,000 ni shilingi 5. Jumla 71.7.

Umeme: 409 mara 0.04 ni shilingi 16.4. Betri: 644 mara 0.04 ni 25.8. Jumla 42.2.

Tofauti ni shilingi 29.5 kwa kilomita, karibu 2,950 kwa siku ya kilomita 100. Hiyo ndiyo faida halisi. Muuzaji angekuonyesha zaidi ya 5,000, kwa sababu betri hakuitaja. Cheni, spoketi, matairi na breki viko pande zote mbili, viache. Plagi, klachi, ringi na pistoni ni vya petroli peke yake; ukivijumlisha, umeme unapata nafuu zaidi kidogo.

Kosa moja la kuangalia: usihesabu betri mara mbili. Ama unaitengea shilingi 25.8 kwa kila kilomita, ama unauliza bei yake itarudi baada ya siku ngapi. Kwa njia ya pili, bila kutenga kitu, pikipiki inakuokolea 5,530 kwa siku, na 1,800,000 inarudi baada ya siku 325 za kazi, karibu miezi 12 na nusu kwa anayepumzika Jumapili. Kama umekopa, ongeza riba kwenye bei ya betri kabla hujagawanya.

Na upande wa hatari: betri hii ikifa kabla ya mizunguko 560 hivi, petroli ilikuwa rahisi zaidi. Ndiyo maana bajaji za umeme zenye betri za asidi, ambazo huchoka kwenye mizunguko 300 hadi 500, zimewatia wengi hasara hata kama betri ilinunuliwa kwa bei ya chini. Piga hesabu ya shilingi kwa uniti, usiangalie bei ya dukani peke yake.

Kilomita za siku, na saa mbili za mchana

Betri ya uniti 2.88 itakupeleka kama kilomita 65 ikiwa mpya. Siku yako ni ya kilomita 100. Pengo la kilomita 35 ni uniti 1.4, na chaja ya wati 840, ambayo ni ya kawaida kwa pikipiki hizi, itahitaji karibu saa 2 kuziba pengo hilo. Saa hizo zikikukuta katikati ya siku kijiwe kikiwa kimepoa, si neno. Zikiangukia saa 10 jioni watu wanapotoka kazini, ukakosa safari mbili za shilingi 2,000, faida yote ya siku imekwenda.

Njia mbili ni nzuri. Ya kwanza ni betri kubwa zaidi tangu mwanzo. Ya pili ni kununua betri mbili ukabadilisha mwenyewe nyumbani. Wengi huikataa ya pili kwa sababu mtaji unakuwa maradufu, na mtaji kweli ni maradufu: 3,600,000 zitarudi baada ya siku 650 hivi. Lakini gharama kwa kilomita haiongezeki, kwa sababu kila betri inafanya nusu ya kazi na inadumu mara mbili. Kwa mwenye kazi ya uhakika na asiye na mkopo wa riba kubwa, hii ndiyo tunayoipendekeza.

Anayetembea kilomita 40 kwa siku, kwa mfano mwalimu au fundi anayeenda kazini na kurudi, asikimbilie. Betri yake itachukua siku zaidi ya 800 kurudisha pesa, na lithiamu huzeeka hata ikiwa imekaa tu.

Mtego wa LUKU

Nyumba nyingi za matumizi madogo ziko kwenye tarifa ya D1: uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, kila moja kama shilingi 122 pamoja na kodi na tozo. Pikipiki moja inayotumia uniti 4.6 kwa siku, siku 26, inakula uniti 120 peke yake. Utavuka 75, utahamishiwa T1, na tangu hapo kila uniti ya nyumba, ya taa, ya televisheni, ya friji, inakuwa 356.

Chukua nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 50. Ilikuwa inalipa 6,100 kwa mwezi, sasa 17,800. Hiyo nyongeza ya 11,700 imeletwa na pikipiki, hivyo ni gharama ya pikipiki: shilingi 450 kwa siku ya kazi. Haiui biashara, ila inazua ugomvi mkubwa katika nyumba ya kupanga yenye mita moja. Dawa ni mita ya pili kwa ajili ya kuchajia, au kuchaji mahali pa biashara ambapo tayari ni T1. Wapangaji wakubaliane kabla, na kipima uniti kiwe mbele ya macho ya wote.

Kenya hali ni nyingine. Tangu 2023 iko tarifa maalumu ya usafiri wa umeme: shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na 8 usiku wakati mzigo ni mdogo, kabla ya tozo na VAT. Ni tarifa ya anayetumia zaidi ya uniti 200 kwa mwezi, kwa hiyo inamfaa mwenye kituo au pikipiki mbili tatu. Siku za kazi nafuu hiyo ni kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi. Nusu bei hiyo ina sababu: usiku watu wamelala, na mvuke wa ardhini wa Olkaria unaendelea kutoka. Kuuzima na kuuwasha si kama swichi ya taa, hivyo sehemu yake huachiwa hewani. Anayechaji saa 6 usiku anatumia nguvu ambayo ingepotea. Funga chaja kwenye kipima saa cha shilingi mia chache, na usiichomeke saa 1 jioni.

Waya, soketi na chumba

Chaja ya wati 840 inavuta karibu wati 1,000 ukutani, na zile za bei rahisi huvuta ampea 6 au 7 badala ya 4 kwa sababu ya jinsi zilivyoundwa. Si mzigo mkubwa, lakini unaendelea saa 4 mfululizo, jambo ambalo pasi au jagi la umeme halifanyi.

1. Vuta laini yake kutoka kwenye breka, waya wa milimita za mraba 2.5, usichangie na friji wala kirefusho cha sebuleni.
2. Hakikisha ethi ipo kweli. Nyumba nyingi zina tundu la tatu kwenye soketi ambalo halijaunganishwa na kitu. Fundi apime, asiangalie kwa macho.
3. Weka breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30.
4. Kama lazima utumie kirefusho, kikunjue chote. Waya uliozungushwa kwenye gurudumu hujipika kwa joto lake.
5. Baada ya dakika 30 za kwanza, gusa kichwa cha plagi. Vuguvugu ni kawaida. Kikikulazimisha uondoe kidole, chomoa: ndani, kile kibati cha soketi kimelegea, na ukitazama utaona plastiki imeanza kuwa kahawia kuzunguka tundu moja. Badilisha soketi, usibadilishe tundu.

Usichaji chumbani mnamolala wala kwenye korido ambayo ndiyo njia pekee ya kutokea. LFP ni tulivu kuliko lithiamu zenye nikeli na kobalti, lakini betri ya lithiamu ikianza kutoa moshi, moshi huo ni sumu na kizima moto kidogo hakitaisimamisha. Watu watoke kwanza, kisha maji mengi kutoka mbali ili kupoza.

Na joto: ukifika nyumbani, acha betri ipoe dakika 30 hadi 45 kabla ya kuchomeka. Ni jambo dogo, ila linaisaidia sana betri kufikia ile mizunguko 1,200. Pikipiki isikae juani na kiti cheusi juu ya betri nyeusi. LFP ijazwe hadi asilimia 100 angalau mara moja kwa wiki ili ile bodi ya ulinzi ndani, ambayo mafundi huiita BMS, isawazishe seli. Volti za LFP hukaa palepale karibu safari yote kisha huanguka ghafla, na seli zisiposawazishwa, kipimo kitakuonyesha asilimia 30 kisha pikipiki izime katikati ya daraja.

Kuikagua betri dukani

Beba mizani ya kilo. Betri kamili ya LFP ya uniti 2.88, pamoja na kasha lake, huwa kama kilo 22 hadi 28. Yenye nikeli na kobalti huwa 16 hadi 20. Ukiambiwa LFP ya uniti 3 na mizani inasoma kilo 12, kuna seli ambazo hazimo. Kipimo hiki hakihitaji ufundi, na kinanasa udanganyifu mwingi.

Kisha omba kuijaribu: ijaze, itembeze mpaka izime, ijaze tena kupitia kipima uniti. Zidisha ulichosoma kwa 0.87, ili kutoa kinachopotea kwenye chaja. Betri iliyoandikwa 2.88 inapaswa kuomba kama uniti 3.3 ukutani. Ikiomba 2.6 tu, ndani kuna 2.26, yaani asilimia 78. Hiyo imeshatumika, hata kama stika ni mpya.

Dhamana isiseme "miaka 3" tu. Iseme uwezo: baada ya miaka 3 au mizunguko fulani, betri iwe bado na asilimia 80, na ikipungua nani anapima, wapi, na kwa gharama ya nani. Uliza pia kama kasha linahimili maji. Mvua za masika zikijaza Jangwani, kinachokufa kwanza ni viunganishi vya kontrola chini ya kiti, halafu betri.

Kubadilisha betri kituoni

Nairobi na Kigali wengi hawamiliki betri. Wanabadilisha kituoni kwa dakika chache. Hapo hofu ya betri kufa inakuwa ya kampuni, na hilo ni jema kwa mwenye mtaji mdogo. Lakini geuza bei iwe kwa uniti. Mfano: ukilipa shilingi 200 za Kenya na kupewa uniti 2.5 zinazotumika, ni shilingi 80 kwa uniti, na 3.2 kwa kilomita. Petroli ya 180 kwa lita ni 4.1. Unaokoa chini ya shilingi 1 kwa kilomita, bila kuhesabu oili.

Uliza maswali matatu kabla ya kusaini. Nikirudisha betri ikiwa na asilimia 25, nitalipia zote au nilichotumia? Kituo kikiishiwa betri saa 1 jioni, nafanya nini? Na kampuni ikifunga, pikipiki hii inakubali betri ya mwingine? La tatu ndilo zito. Pikipiki isiyokubali betri nyingine inabaki chuma tu siku mwenye vituo akiondoka. Rwanda, ambako tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ni za umeme tu, suala la vituo ni uti wa mgongo wa usafiri wa jiji.

Kijiwe kizima kikihama

Pikipiki 50 zikichomekwa pamoja saa 2 usiku zinahitaji karibu kilowati 48, na kwa chaja za bei rahisi, zinazovuta ampea nyingi, transfoma inabeba mzigo wa kVA 74 (kVA ndicho kipimo cha uwezo wa transfoma). Transfoma ya mtaa ya kVA 100, ambayo wakati huohuo inabeba friji, feni na majiko ya mtaa mzima, haitastahimili. Volti zitashuka hadi 190, chaja zitavuta ampea zaidi kufidia, na viunganishi vitapata joto zaidi. Gaweni zamu mbili, saa 4 usiku hadi saa 8 na saa 8 hadi saa 12, na ombeni umeme wa njia tatu (three phase). Uniti 230 kwa siku ni karibu 6,000 kwa mwezi. Mkivuka 7,500 mtahamishiwa tarifa yenye malipo ya mzigo wa juu kabisa mliofikia, na hapo zamu za kuchaji zinakuwa pesa taslimu.

Kwa taifa tatizo ni dogo kuliko linavyoogopwa. Pikipiki 100,000 zikichajiwa zote kwa mpigo ni kama megawati 97, na bwawa la Mwalimu Nyerere kwenye Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115. Umeme upo. Kinachokosekana ni nyaya na transfoma za mtaani, na anayehamasisha pikipiki za umeme bila kukaa na TANESCO wa wilaya anaacha nusu ya kazi.

Kuna pesa nyingine inayosahauliwa: barabara. Kenya hukata shilingi 25 kwa kila lita kwa matengenezo ya barabara tangu Julai 2024. Pikipiki moja ya kilomita 30,000 kwa mwaka hutumia lita 690, hivyo kila inayohama inaondoa shilingi 17,250 kwenye mfuko huo na kuendelea kukanyaga lami ileile. Hilo lisiwe sababu ya kukataa, maana dola zinazookolewa kwenye mafuta ni nyingi. Ila liwe mezani mapema, kabla serikali haijashtuka na kuweka tozo ya ghafla inayovuruga hesabu za mwenye mkopo. Mafundi wa gereji nao wapewe mafunzo ya kontrola, viunganishi na BMS. Fundi mwenye multimita nzuri na vifaa vyenye kinga ya umeme ataendelea kula. Aliyezoea kufungua injini tu atabaki bila kazi.

Moshi: namna ya kuuhesabu

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za kabonidioksidi. Lita 690 ni kilo 1,587 kwa mwaka, bila kuhesabu kusafisha na kusafirisha mafuta. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huohuo inatumia uniti 1,380. Zidisha kwa chanzo cha umeme wako. Gesi ya Songo Songo kwenye mtambo wa kawaida ni kama kilo 0.5 kwa uniti: kilo 690. Jenereta ya dizeli, kama visiwani au porini, ni kama 0.85: kilo 1,170. Maji, upepo na mvuke wa ardhini ni sehemu ndogo tu: tuweke 0.05, kilo 70. Ongeza upotevu wa njiani. Kenya zaidi ya asilimia 20 ya umeme hupotea kati ya mtambo na mita.

Kutengeneza betri nako kunatoa moshi, kama kilo 60 hadi 100 kwa kila uniti ya uwezo, hivyo betri yetu ilizaliwa na deni la hadi kilo 290. Kwa umeme wa maji deni linalipwa kwa miezi 2 hadi 3, kwa gesi miezi 4, kwa dizeli miezi 8. Hata dizeli inashinda, kwa sababu injini ndogo ya petroli hupoteza mno: lita 2.3 zina nguvu ya uniti 20 hivi, kufanya kazi ambayo mota inaifanya kwa 4.6. Lakini kwa anayekaa kwenye foleni ya Ubungo, la maana zaidi ni kwamba moshi hautoki usawa wa pua yake. Vumbi la matairi na breki litabaki.

Kobalti, risasi, na betri iliyochoka

Karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, nyingi karibu na Kolwezi, na sehemu yake huchimbwa kwa mikono na watu wanaoingia kwenye mashimo yasiyo na nguzo. LFP haina kobalti wala nikeli. Kuichagua ni sahihi kwa joto letu, kwa usalama na kwa maisha marefu. Mchimbaji wa Kolwezi hata hivyo haokolewi kwa soko lake kufa, anaokolewa kwa nguzo, bei ya haki na mizani isiyodanganya. Grafiti iko kwenye betri za aina zote mbili, na Mahenge mkoani Morogoro ina akiba kubwa.

Kwa betri za asidi tuwe wakali. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia watu wa mtaa ule madini ya risasi kwenye damu, watoto wakiwa wa kwanza. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024 baada ya rufaa. Usipasue betri ya asidi, usimwage maji yake, usimuuzie anayeyeyusha uani.

Lithiamu ikishuka chini ya asilimia 70 haifai tena kubeba abiria, lakini inaweza kuwasha taa, televisheni na chaja za simu za nyumba yenye sola kwa miaka mingine. Fundi apime seli moja moja, zile zilizo dhaifu zitolewe, BMS ibaki. Zilizokufa kabisa zifungwe vichwa kwa utepe wa nailoni, zisikae kwenye rundo la chuma chakavu, na zirudi kwa muuzaji. Sharti la kuzipokea liandikwe kwenye mkataba siku ya kununua, wakati bado ana hamu ya kukuuzia. Siku hiyohiyo andika kwa kalamu ya wino usiofutika chini ya kasha: tarehe, na uniti zilizoingia ukutani kwenye chaji ya kwanza kamili. Rudia kipimo kila miezi 3, andika chini yake.